Dakika kumi na tano za asubuhi: mwongozo kamili wa mkutano wa kila siku saiti

Pita saiti yoyote ya mjengo Mombasa, iwe Nyali, Bamburi au Mikindani, saa 2:15 asubuhi. Mafundi wa mawe wanangoja mchanga uchekechwe. Mafundi wa vyuma wamekalia rundo la ringi (vyuma vilivyokunjwa vya kuzungushia nondo) kwa sababu aliyeondoka na mchoro hajafika. Vibarua wawili wanautafuta mpira wa maji ambao jana jioni ulikuwa pale pale karibu na tangi. Foomeni, msimamizi wa saiti, anazunguka na simu sikioni; akitokea watu wanainuka, akishapita wanakaa. Si uvivu. Kazi yenyewe haijaandaliwa.

Fanya hesabu. Watu 20 wakisubiri dakika 40 kila mmoja, zimepotea dakika 800, yaani zaidi ya saa 13 za kazi, na jua bado halijapanda. Mkutano wa dakika 15 kwa watu hao hao nao si wa bure: unakula dakika 300, saa 5 kamili. Kwa hiyo mkutano unalipa ikiwa tu umeondoa zaidi ya dakika 15 za kusubiri kwa kila mtu. Mingi haifikii hapo. Foomeni anahutubia, anakemea waliochelewa, anataja helmeti, watu wanatawanyika kwenda kutafuta mpira ule ule. Mkutano wa asubuhi huandaliwa jioni iliyotangulia, na kazi kubwa ya mwongozo huu iko huko.

Kabla ya mkutano wa kwanza: hesabu siku tatu

Usianze na mkutano. Anza kwa kujua watu wako wanasubiri kiasi gani na kwa sababu gani, la sivyo baada ya mwezi hutajua kama kuna kilichobadilika.

Zunguka saiti mara 6 kwa siku, kwa nyakati zisizotabirika: kwa mfano saa 2:20, 3:35, 4:50, 6:10, 8:25 na 9:40. Mapumziko ya chai na chakula usiyahesabu. Kila mtu mweke katika fungu moja, kwa lile ulilomkuta akifanya ulipomwona mara ya kwanza:

- anafanya: anapanga jiwe, anafunga chuma, anamwaga zege, anapiga plasta;
- anasaidia: anabeba, anapima, anachanganya udongo wa kuungia mawe, anapandisha jukwaa;
- anasubiri: amesimama, anatafuta kifaa, anatembea mikono mitupu.

Tuseme una watu 24. Mizunguko 6 kwa siku 3 inakupa alama 432. Ukipata 164 za kufanya, 138 za kusaidia na 130 za kusubiri, basi ni asilimia 38, 32 na 30. Huo ni mfano wa hesabu tu, saiti yako ina namba zake. Kila unapomkuta mtu anasubiri, muulize anangoja nini na uandike neno moja: vifaa, mchoro, mashine, maji, nafasi, maagizo, wenzake hawajamaliza.

Majina usiandike kabisa. Ukianza kuandika majina, siku ya pili utakuta kila kibarua amebeba karai tupu anazunguka nalo, na hesabu yako imekufa.

Nani asimame na nani

Kikundi kimoja kisizidi watu 15. Wakizidi hapo wa nyuma hawasikii, hasa saiti iliyo karibu na barabara ya Malindi, malori yakinguruma. Ukiwa na watu 40, gawa mara mbili: foomeni akutane na wanyapara wote, yaani viongozi wa timu, kwa dakika 10, kisha kila nyapara asimame na watu wake dakika 5, pale pale watakapofanyia kazi. Mtu wa vyuma hana haja ya kusikiliza habari za plasta ya vyoo.

Wanaopaswa kuwepo kwenye duara la kwanza ni foomeni, nyapara wa kila kazi, mtu wa stoo na anayesimamia mashine. Mtu wa stoo husahaulika sana, ilhali nusu ya majibu anayo yeye. Wengine wanaosahaulika ni fundi wa umeme na fundi wa mabomba, kwa kuwa wana mkataba wao na huja siku wanazotaka. Hata kama leo hawana kazi, siku mbili kabla ya slabu (sakafu ya juu ya zege) au plasta lazima wawe kwenye duara. Wasipokuwepo, ukuta uliopigwa plasta Jumatatu utatobolewa Alhamisi kupitisha mabomba, na hapo utalipa kazi ile ile mara tatu: kupiga, kubomoa na kuziba.

Injinia au mwenye nyumba akija, asimame pembeni asikilize. Akianza kuuliza maswali yake, dakika 15 zinakuwa 40, na wanyapara wanaanza kujibu kumfurahisha mgeni badala ya kusema ukweli.

Ubao

Chukua plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, ipake rangi nyeusi isiyong'aa, chora mistari kwa rangi nyeupe isiyofutika. Andikia kwa chaki. Kalamu za wino kwa vumbi la simiti na unyevu wa pwani hazikai wiki. Utundike chini ya mabati karibu na stoo, ukingo wa chini ukiwa kama sentimita 90 kutoka ardhini, upande ambao mvua ya upepo wa kusi haiupigi.

Nguzo saba, yaani safu za wima, zinatosha: timu, mahali, kazi ya leo, kiasi, idadi ya watu, kinachokosekana, na ya mwisho ya jioni: imetimia au haikutimia, na sababu kwa neno moja.

Uzito wote uko kwenye nguzo ya kiasi. "Kujenga ukuta" si ahadi, maana jioni hakuna anayeweza kusema imetimia au la. Andika hivi: ukuta wa mashariki, chumba cha 3, urefu mita 6, mistari 6 ya mawe, fundi 1 na mtu wa mkono 1. Kwa bloku za simiti zenye uso wa milimita 390 kwa 190, pamoja na udongo wa kuungia, mita moja ya mraba inakula bloku 12 na nusu. Mistari 6 kwa mita 6 ni mita za mraba 7.2, sawa na bloku 90. Sasa mtu wa stoo anajua bloku 90 ziwe zimesogezwa karibu na ukuta kabla ya saa mbili, pamoja na chache za kufidia zitakazovunjika. Kiasi kikiandikwa vizuri kinamwagiza kila mtu bila amri ya ziada. Mawe ya matumbawe yaliyochongwa kwa mkono hayalingani, kwa hiyo hesabu kwanza yaliyoingia kwenye mita moja ya mraba ya ukuta uliokwisha jengwa hapo hapo, utumie namba hiyo.

Nani apange kiasi? Nyapara mwenyewe, si foomeni. Akipangiwa bloku 150 na anajua mikono yake ni ya 90, atasema "sawa bosi", na jioni atakuja na sababu. Akitaja mwenyewe, ameahidi.

Jioni: hapa ndipo mkutano unapofanyika

Saa 10:15 jioni, kabla watu hawajaanza kuosha vifaa, foomeni apite kwa kila nyapara. Dakika 5 kila mmoja, wamesimama mbele ya kazi ya kesho. Mtaalamu wa ujenzi kutoka Finland, Lauri Koskela, alionyesha kwamba kazi yoyote ya mjengo inahitaji mambo saba yakutane kwa wakati mmoja, na likikosekana moja mikono inasimama. Kwa lugha ya saiti ni haya: maagizo na mchoro, vifaa, watu, mashine, nafasi, kazi iliyotangulia, na hali ya nje kama mvua, ukaguzi au kibali.

Kanuni ni moja tu: kiguswe. Usiulize "simiti ipo?" Utaambiwa ipo. Nenda stoo, hesabu mifuko. Mifuko 14 inaweza kuwepo na 6 kati yake imeshaganda pembeni kwa sababu ililazwa sakafuni bila mbao. Unyevu wa Mombasa hauhitaji mvua kufanya kazi hiyo. Mchoro uwe mkononi, nakala ya mwisho, si picha kwenye simu ya mtu anayeshuka Likoni na ambaye kesho huenda akakwama kwenye foleni ya feri. Mashine iwashwe hiyo jioni. Mikisa (mashine ya kuchanganyia zege) inayogoma kuwaka itagoma jioni au itagoma asubuhi, na jioni bado una nafasi ya kumpigia fundi.

Kazi iliyotangulia inahitaji jicho kali kuliko zote. Fundi wa vyuma anapoambiwa kesho afunge slabu, nenda ukaone kama seremala amemaliza mbao zote au amebakiza kona moja. Kona moja ya mita mbili inatosha kuwasimamisha watu sita hadi saa nne.

Kazi iliyokosa hata jambo moja kati ya saba haiandikwi ubaoni kama kazi ya kesho. Inaandikwa kwenye daftari la vizuizi, na timu inapewa kazi nyingine iliyo tayari. Weka daima kazi mbili tatu za akiba zisizotegemea mtu: kukata ringi, kung'oa misumari kwenye mbao, kuchekecha mchanga, kutengeneza biskuti za simiti za kuinulia vyuma. Hizo ndizo zinazookoa siku lori la kokoto linapochelewa.

Dakika 15 zenyewe

Anza saa 2:00 kamili ikiwa ndiyo saa ya kuanza kazi na kulipwa. Kuwaita watu saa 1:45 bila malipo ni kujitafutia wachelewaji. Kibarua anajua kuhesabu dakika zake. Wasimame, asikae mtu, wasiwe na jua usoni. Kuketi kunaongeza dakika kumi, kila siku.

Dakika 2 za kwanza ni idadi: nani yupo, nani mgeni. Vibarua wa langoni hubadilika kila siku, na mgeni asipotajwa hapa atakwenda kubeba vitu chini ya jukwaa ambalo wengine wote wanajua halijafungwa. Mpe mwenyeji mmoja wa kumwangalia.

Dakika 3 ni hatari ya leo, nitairudia hapa chini.

Dakika 8 ni mzunguko. Kila nyapara anajibu mambo matatu: jana tuliahidi nini na ikawaje, leo tunafanya kiasi gani na wapi, tunakosa nini. Ukiendeshwa vizuri unasikika hivi:

"Vyuma?"

"Jana tuliahidi boriti tatu, tumefunga mbili. Ya tatu ringi zilipungua, kumi na nane."

"Leo?"

"Tunamaliza ya tatu kabla ya chai, halafu ngazi."

"Mnakosa nini?"

"Waya wa kufungia. Uliopo utatufikisha saa sita."

"Mzee wa stoo?"

"Upo, kilo kumi. Nautoa tukimaliza hapa."

"Haya. Mbao?"

Nusu dakika. Angalia ambacho foomeni hakufanya: hakuuliza nani alikata ringi pungufu. Swali hilo lina haki yake, lakini watu wawili, pembeni, baada ya mkutano. Likiulizwa kwenye duara, kesho fundi huyo atasema boriti zote tatu zimekwisha, na utagundua ukweli siku zege linapofika.

Dakika 2 za mwisho ni migongano: nani anataka winchi saa ngapi, nani anapita wapi. Mafundi wa plasta wakitaka korido ile ile ambayo vibarua wanapitisha bloku, amua hapo hapo. Plasta wapewe hadi saa sita, bloku zipite mchana. Kisha funga. Jambo lolote linalohitaji zaidi ya dakika moja na linawahusu watu wawili tu, sema "tubaki sisi watatu", wengine waende.

Nusu saa inayofuata

Foomeni asiingie ofisini wala kupokea simu hadi saa 2:45. Apite kwa kila timu aone mikono imeanza. Anachotafuta ni kimoja: vile vilivyotajwa kuwa vinakosekana vimefika? Waya umetoka stoo?

Vizuizi visivyomalizwa hapo vinaingia kwenye daftari, mstari mmoja kila kimoja: tarehe, kitu, timu inayokwama, jina la atakayekitatua, saa atakayokuwa amekitatua. "Ofisi itashughulikia" si jina. Kizuizi kinacholala usiku mmoja kinapanda kwa injinia, kinacholala usiku mbili kinapanda kwa mkandarasi mwenyewe. Vizuizi hivyo visomwe kesho yake mbele ya watu, hata kama jibu ni "bado". Watu wanavumilia "bado" iliyosemwa wazi. Wakiona wametaja tatizo mara tatu na hakuna aliyelirudia, wataacha kutaja, na utabaki na mkutano wa kimya ambao kila timu "haikosi chochote".

Siku ya kumwaga slabu

Siku hii mkutano unabadilika, kwa sababu kosa la saa moja haliwezi kurekebishwa kesho. Tuchukue slabu ndogo ya mita za mraba 60, unene milimita 150. Hiyo ni zege mita za ujazo 9. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti 1, mchanga 2, kokoto 4), kila mita ya ujazo inakula kama mifuko 6 na nusu ya kilo 50, yaani mifuko 59, weka 62. Mfuko mmoja una ujazo wa karibu lita 35, kwa hiyo mchanga ni kama mita za ujazo 4.2 na kokoto 8.4, na uongeze kidogo kwa kinachopotea ardhini. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na yapungue zaidi mchanga ukiwa umelowa. Hapo ni lita 1,500 za kuchanganyia peke yake. Ukiongeza kulowesha mbao na kuosha vifaa, tangi la lita 3,000 lijae tangu jioni.

Maji ya aina gani? Visima vingi vya kisiwani na vya ufukweni vina chumvi. Chumvi ikiingia ndani ya zege huanza kula vyuma, na baada ya miaka michache slabu inapasuka na kudondosha vipande. Maji ukiyaonja yana munyu, usiyachanganyie zege lenye vyuma, agiza bouza, lori la maji. Mchanga wa ufukweni nao hivyo hivyo.

Sasa wakati. Mikisa ya mfuko mmoja inatoa michanganyiko 59. Kila mmoja ukichukua dakika 5, kupakia hadi kumwaga, ni dakika 295, karibu saa 5 bila kusimama hata mara moja. Ukianza saa 2 unamaliza saa 7, jua likiwa utosini. Ndiyo maana siku ya slabu watu waanze mapema, saa 12:30 au saa 1:00, na mkutano mkubwa ufanyike jioni iliyotangulia. Asubuhi ni dakika 5 za kuthibitisha, kila mtu asimame kwenye nafasi yake.

Mgawanyo wa watu unaoweza kuanza nao ni huu: mmoja kwenye mikisa, wawili wa simiti, sita wa mchanga na kokoto, mmoja wa maji mwenye ndoo iliyopimwa, wanane wa karai na wilibaro, wawili wa poka (mashine ya kushindilia zege), watatu wa kusambaza na kusawazisha, seremala mmoja anayekaa chini kutazama propu (nguzo za muda zinazoshikilia mbao) muda wote, fundi wa vyuma mmoja wa kuinua vyuma vinavyokanyagwa, na mmoja wa umeme au mabomba. Jumla 26. Seremala wa chini ndiye wa kwanza kuondolewa watu wanapopungua, na ndiye asiyepaswa kuondolewa. Propu ikianza kuzama kwenye mchanga, yeye peke yake ataiona kwa wakati. Umbali wa propu na pande zake ukague injinia, si mazoea.

Maswali ya kumalizwa jioni ni haya. Poka ya pili iko wapi? Ya kwanza hufa katikati, na zege lisiloshindiliwa linaacha mashimo ya sega la nyuki yanayoionyesha kutu njia ya kufikia vyuma. Mafuta ya mikisa yanatosha saa 6? Mvua ikishuka, tunasimama wapi? Injinia aonyeshe mstari huo kwa chaki kwenye mbao. Usisimame popote zege lilipoishia. Na nani mwenye ruhusa ya kuongeza maji? Jibu liwe mtu mmoja. Zege likikaa kwenye jua linakaza, na mkono wa kibarua wa kwanza unakwenda kwenye ndoo. Ndoo hiyo moja inapunguza nguvu ya zege ambayo umeilipia simiti. Anayechukua vipande vya majaribio vya milimita 150, vya siku 7 na siku 28, naye apewe jina, na atakayemwagilia slabu kuanzia kesho, angalau siku 7, vivyo hivyo.

Usalama: hatari moja, ya leo

Kusoma orodha ya helmeti, buti na glavu kila asubuhi ni sawa na kuimba; siku ya tano hakuna anayesikia. Chagua hatari moja inayotokana na ubao wa leo. Leo kuna kuchimba? Zungumzia mtaro. Mchanga wa pwani haushiki. Ukipita kimo cha mita 1.2 bila kuegemezwa au kulazwa kingo, unaweza kumfunika mtu akiwa ameinama, na rundo la udongo lisikae ukingoni. Leo kuna plasta ya nje? Taja jukwaa: mbao gani imepasuka, upande gani haujafungwa ukutani. Jana usiku ilinyesha? Nyaya za umeme za muda ziko wapi, na nani atazikagua kabla ya mashine kuwashwa?

Muulize mtu mmoja, kwa heshima, arudie: "Dada, hebu tueleze, udongo tutauweka wapi?" Akijibu umejua wamesikia.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mfanyakazi kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumtaka aendelee mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Penye watu 20 au zaidi panatakiwa kamati ya usalama. Wengi wa vibarua hawajawahi kuambiwa hayo. Waambie, mara moja kila wiki, kwa wageni.

Mombasa ina ratiba yake

Feri ya Likoni na foleni ya daraja la Mtwapa hazitakusikiliza. Ukiona kila siku watu wale wale watano wanachelewa dakika 20, na wote wanatoka upande mmoja, tatizo si nidhamu. Ama usogeze mkutano hadi saa 2:15 na watu waliofika waanze na kazi za akiba, ama kazi zisizoweza kuanza bila wao uzipange baadaye. Kufanya mkutano nusu ya watu hawapo, kisha kuurudia, ni mbaya kuliko vyote viwili.

Ijumaa usipange zege lipite kwenye swala. Kama sehemu kubwa ya mafundi wako wanakwenda msikitini, kazi ya kumwaga iishe kabla ya saa sita au isianze. Ramadhani, kazi nzito iwe asubuhi. Saiti nyingi huanza mapema na kufunga mapema, na kiasi kwenye ubao kipunguzwe wazi wazi. Kuacha kiasi cha kawaida na kujua hakitafikiwa kunaharibu ubao wote. Februari na Machi, joto linapokuwa kali, ongeza mapumziko mafupi ya maji kivulini saa 5 na saa 9. Masika, kuanzia Aprili, kila timu iwe na kazi ya chini ya paa iliyoandikwa pembeni ya ile ya nje, ili mvua ikipiga watu wahame bila kungoja amri.

Kinachoua mkutano

Kwanza ni foomeni kuzungumza peke yake. Pima kwa saa: akipita dakika 5 kati ya 15, ni hotuba. Pili ni kuugeuza mkutano kuwa orodha ya kukata pesa za waliochelewa. Hilo lifanyike kwenye daftari la lango, mbali na duara. Tatu ni woga. Kibarua wa siku anajua akionekana mlalamishi kesho hataitwa, kwa hiyo hatasema ngazi imevunjika. Nyapara aulize watu wake kabla, aseme yeye kwa niaba yao. Nne ni lugha. Injinia anayemwaga Kiingereza cha chuoni mbele ya mafundi atapata vichwa vinavyoitikia na boriti iliyofungwa kinyume. Aseme Kiswahili, au achore kwa chaki.

Kuna na ile ya kufuta ubao jioni kabla ya kuandika kilichotimia. Inaonekana ndogo. Ubao usio na nguzo ya jioni ni tangazo tu.

Jumamosi: namba moja

Hesabu ahadi zote za wiki na zilizotimia. Timu 5 kwa siku 6 ni ahadi 30. Zikitimia 17, umepata asilimia 57. Kazi iliyofanyika robo tatu ni haikutimia. Hakuna nusu alama. Katika miaka ya 1990, Glenn Ballard na Greg Howell walipopima saiti za Marekani walikuta takriban nusu tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki ndizo zilizokamilika, kwa hiyo usishtuke na usimgombeze mtu. Ukianza na asilimia 90 wiki ya kwanza, shuku: ama ahadi ni ndogo mno, ama jioni kuna anayesaidia chaki.

Kisha panga zile 13 zilizokosa kwa sababu. Tuseme vifaa 6, kazi iliyotangulia 3, mashine 2, watu 1, mvua 1. Shughulikia vifaa peke yake wiki ijayo, uulize hadi chini: mchanga ulichelewa kwa nini? Uliagizwa asubuhi ya siku ya kazi. Kwa nini asubuhi? Mtu wa stoo huambiwa kiasi asubuhi. Basi kuanzia Jumatatu apewe kiasi saa 10:30 jioni, lori liagizwe usiku huo.

Baada ya wiki nne, rudia ule mzunguko wa mara 6 kwa siku 3, nyakati zile zile, na utazame fungu la kusubiri tu. Lisiposhuka, fungua daftari la vizuizi usome nguzo ya majina. Mara nyingi utakuta mistari iliyolala zaidi ya siku mbili ina jina moja, na jina hilo ni la ofisini: anayelipa mwenye lori, anayesaini michoro, anayeidhinisha mafuta. Huyo ndiye wa kusimama kwenye duara Jumatatu saa mbili, na swali lake ni lile lile la wanyapara: uliahidi nini, ikawaje, unakosa nini.